Nilivyouchelewesha Mkono wa Kukhu

Nilisema mbele ya kwaya nzima kwamba Kukhu ameanza kupoteza mwendo. Sikusema kwa ubaya. Nilikuwa na ushahidi, na mimi tangu utotoni ni mtu wa ushahidi. Katekista alinifukuza darasani mara mbili kwa kuuliza nani alikuwepo siku ya kwanza ya dunia akaandika mambo yalivyokwenda. Chuo kikuu kule Kampala kiliizidisha tu tabia hiyo.

Kukhu ni bibi kwa Kisamia, ingawa yeye si bibi yangu. Ndivyo kila mtu pale Dabani, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, anavyomwita. Amepiga manyanga, vile vibuyu viwili vyenye mbegu ndani, katika kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana kwaya ilitaka kutoa albamu yake ya kwanza, na mwenye studio wa karibu nilikuwa mimi: chumba kimoja Busia mjini, nyuma ya ofisi za mawakala wa forodha, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia honi za malori.

Waimbaji wasingeenea chumbani, kwa hiyo niliwafuata kanisani kwao Jumamosi. Niliweka maikrofoni mbele ya waimbaji na kinasa sauti kidogo miguuni pa Kukhu, kisha nikaviwasha vyote kwa pamoja. Niliporudi studio nikaingiza sauti hizo kwenye programu ya kutengenezea muziki, klipu moja juu ya nyingine, nikasikiliza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kufikia ubeti wa pili manyanga yalikuwa yamechelewa. Ubeti wa tatu yakakimbia mbele, kisha yakarudi nyuma, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Nilirudia mara nne. Kwenye skrini ilikuwa wazi: waimbaji huku, manyanga kule.

Jumamosi iliyofuata nikaibeba kompyuta hadi kanisani, nikaifungua juu ya meza ya mwalimu wa kwaya.

"Angalia mwenyewe, mwalimu."

Mwalimu, ambaye siku za kazi hufundisha shule ya msingi, akavaa miwani. "Lakini mimi nilikuwepo. Sikusikia kitu."

"Sikio huzoea, mwalimu. Mashine haizoei."

Nilivyolipenda jibu hilo! Hata leo nikilikumbuka natamani kujifunika uso.

Mcheshi wa kwaya ni mama mmoja wa sauti ya pili, mfanyabiashara anayevuka mpaka kutoka upande wa Kenya kila Jumamosi kuja mazoezini. Akapaza sauti kutoka nyuma: "Kukhu, gari imekuacha stendi!"

Watu wakacheka. Kukhu hakucheka. Aliinua mikono yake akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Hiyo mashine nasema ni mkono yangu?"

"Ni umri tu, Kukhu. Si kosa lako."

Akaweka manyanga juu ya benchi, taratibu, akatoka. Mwalimu akaniuliza kama naweza kuweka mlio wa kompyuta mahali pake. Nikasema ndiyo. Ilinichukua dakika kumi.

Wiki tano zikapita. Muuza viatu vya mitumba akaniletea tangazo la kupiga sokoni kwa kipaza sauti. Mtu huyu huongea kama cherehani, lakini nilipoingiza klipu yake, maneno yalitoka yakiburuzika. Nikaanza kutafuta sababu kwenye mipangilio ya programu, nikaikuta. Kila ikipokea klipu ndefu, programu hukisia mwendo wake, halafu huivuta au kuibana ili iingie katika kipimo ilichokisia. Haiulizi. Nilijua kwamba jambo hilo lipo. Kwenye kompyuta yangu ya zamani nililizima siku ya kwanza. Kwenye hii mpya sikuangalia.

Nikafungua kazi ya kwaya. Klipu ya waimbaji ilikuwa haijaguswa. Nadhani sauti zao laini ziliishinda programu kukisia. Ile ya manyanga ilikuwa imejaa alama toka mwanzo hadi mwisho: hapa imevutwa, hapa imebanwa. Kukhu hupiga kwa mapigo ya tatu-tatu. Programu iliamua kwamba anapiga ya nne-nne, ikamsahihisha wimbo mzima.

Nikazima. Ni kitufe kimoja.

Manyanga yakaingia chini ya sauti za watu na kutulia humo. Wimbo wa dakika sita na zaidi, na hakuna pigo hata moja lililotoka nje. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Katekista nilimdai ushahidi. Wahadhiri niliwadai. Baba yangu mzazi nilimdai. Kompyuta ilinionyesha picha, nikaiamini nzima nzima.

Mchana huo huo nikachukua boda hadi Dabani. Nilimkuta Kukhu ameketi uani na mkaza mwana wake anamnywesha chai, kikombe kikiwa mkononi mwa mkaza mwana.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Si ni ile mkono," akasema mkaza mwana. "Tumempeleka hospitali Tororo mara mbili, hawaoni kitu. Lakini mama yake alianza hivyo hivyo. Akafa mikono inatetemeka."

"Nani amemkataza kushika kikombe?"

"Amejikataza mwenyewe. Hata huyu hajamshika." Akaonyesha mgongoni kwake, alikokuwa amelala mtoto mchanga mwenye umri wa mwezi mmoja. "Anasema atamwangusha."

Nikachuchumaa mbele ya Kukhu.

"Kukhu, nilikosea. Mkono wako ni mzima. Mashine ndiyo iliyovuta sauti yako."

"Daktari pia alisema ni mzima," akajibu. "Lakini daktari napima damu. Wewe ulipima mwendo."

"Nilipima vibaya."

"Sasa unanionea huruma. Nimesikia. Asante."

Nikampigia wimbo kwenye simu, manyanga yake kama alivyoyapiga. Akasikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Hiyo umetengeneza," akasema. "Si nyinyi mnaweza kutengeneza kila kitu?"

Hata mimi, kama ningekuwa yeye, ningeuliza hivyo hivyo.

Nilipoinuka kuaga akanishika shati. "Ulisema mbele ya watu. Kama ni kweli, enda useme mbele ya watu."

Jumamosi nikasema. Mama wa sauti ya pili alipiga makofi. "Kumbe mgonjwa ni kompyuta! Ipelekeni Tororo ipimwe malaria!" Kanisa zima likacheka, isipokuwa mwalimu, aliyekuwa akifuta miwani isiyo na vumbi. Kukhu akapewa manyanga yake. Tukaanza kurekodi upya.

Na hapo nikashtuka kuliko siku ile ya kitufe, maana safari hii alichelewa kweli. Nusu ya pumzi hivi, lakini masikio yangu yaliisikia bila msaada wa mashine yoyote. Alikuwa akinitazama mimi kabla ya kila pigo, kama mtu anayeomba ruhusa.

Nikasimamisha.

"Iko sawa?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo, kisha nikayarekebisha manyanga kule studio bila mtu kujua.

"Umechelewa, Kukhu. Ni kwa sababu unaniangalia."

Akanikazia macho. "Nani alikudanganya una sura ya kuangaliwa?"

Kicheko kilipotulia alikuwa ameshageuza kiti, amenipa mgongo. Tukaanza tena. Ubeti wa kwanza alichelewa. Wa pili pia. Mwalimu akanigeukia kuuliza kama asimamishe. Nikakataa kwa kichwa. Mahali fulani katika ubeti wa tatu mabega yake yalishuka, na tangu hapo waimbaji ndio waliokuwa wakimfuata yeye. Wimbo umebaki hivyo hivyo kwenye albamu, na beti zake mbili za mwanzo.

Watu walipokuwa wakikusanya viti, mkaza mwana wake, aliyekuja kusikiliza, akamsogelea, mtoto mikononi. Kukhu alimtazama mtoto, akatazama mikono yake, akasema ngoja. Akashuka kwenye kiti, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu yote miwili ili hata akimwangusha asianguke mbali.

"Haya," akasema. "Lete."