Vestina na Belo la Mjukuu

Ukifika soko la Kasulu upande wa mitumba, usihangaike kuuliza Vestina anakaa wapi. Fuata tu akina mama wenye mimba, utamkuta. Mama huyu hauzi kitu kingine ila nguo za watoto wachanga: fulana, ovaroli, sweta, kofia za kufunga chini ya kidevu, na soksi ndogo ambazo mtu mzima angeweza kuzivaa kwenye kidole gumba. Ukimshauri achanganye na suruali za wanaume, kama anavyofanya jirani yake Bazilio, anakunja uso.

"Suruali ya mtu mzima inakufikia imechoka kama mwenyewe," husema. "Mtoto haichoshi nguo. Anakua, anaikimbia. Mimi nauza nguo zilizokimbiwa."

Alizaliwa Nyabibuye, karibu kabisa na Burundi walikotoka wazazi wake, na uraia wa Tanzania aliupata akiwa tayari mtu mzima. Biashara aliianzia kwenye magulio ya Kibondo, mzigo kichwani, turubai kwapani, akimwaga nguo chini na kupaza sauti mpaka inakauka. Alipoolewa akahamia Kasulu, na sauti yake akahamia nayo. Akamzaa Claudine, mtoto wake wa pekee. Claudine akakua ndani ya nguo zile zile za mamaye, akasoma ualimu pale pale mjini, kisha akampata kijana wa Kinyarwanda, fundi aliyekuja na mitambo ya kujenga barabara. Barabara ikaisha, fundi akarudi kwao na mke juu, wakaweka makazi upande wa pili wa mto Kagera, karibu na daraja la Rusumo.

Tangu siku ya harusi Vestina akaanza kuweka. Kila belo la mitumba lilipofunguliwa, ile nguo nzuri kuliko zote haikufika mezani. Wateja walimwona akiikalia.

"Mama Claudine, hiyo mbona unaificha?"

"Ina mwenyewe."

"Nani?"

"Bado hajafika. Chagua nyingine, mama, zipo tele."

Basi mwenyewe akafika. Claudine alipiga simu kwamba amejifungua mtoto wa kike na wamemwita Irakoze. Vestina alipiga vigelegele sokoni mpaka Bazilio akadhani kuna mwizi.

Na watu wa kwao, Warundi kama Wanyarwanda, wana desturi. Mwanamke akijifungua anaendewa na mzigo wa kumpongeza, wenyewe huiita guhemba. Majirani huleta, mashangazi huleta, lakini mzigo unaotazamwa na wakwe ni wa mama mzaa mama. Vestina akaandaa maharage, akaandaa unga wa uji, kisha akazitoa zile nguo alizoziweka miaka yote, akazifua, akazipiga pasi. Ndipo Bazilio, ambaye redio haimtoki sikioni, akaguna.

"Dada, unazipeleka wapi hizo?"

"Rwanda, kwa mjukuu."

"Huko mitumba hawaitaki, ujue. Wewe hukusikia ule ugomvi? Nchi zetu za Afrika Mashariki zilikubaliana mitumba ipungue mpaka iishe, watu wavae vya viwanda vya kwetu. Mmarekani akanuna. Akasema mkizikataa nguo zetu, na sisi tutawabana kwenye za kwenu. Wengine tukarudi nyuma, ndiyo maana mimi na wewe tuko hapa tunauza. Rwanda wakakaza. Wakaacha ushuru wa mitumba huko huko juu, na Mmarekani naye akaziondolea nguo zao ule msamaha wa ushuru."

"Sasa Mmarekani na Mnyarwanda wakinuniana, mjukuu wangu anaingiaje?"

"Anaingia kwa kuvaa!"

"Hii si mitumba, Bazilio. Ni zawadi."

"Haya. Utawaambia hivyo darajani."

Vestina hakumjali, akafunga mzigo. Na hapo ndipo alipoteleza, kuteleza kwa mtu wa mitumba hasa. Kwa macho yake hakuna kitu kizuri duniani kama belo ambalo halijafunguliwa, limekazwa, mikanda inalia ukiipiga kidole, na hujui ndani kuna nini. Akataka Claudine aipate raha hiyo ya kukata mikanda. Akazipanga nguo ndani ya kiroba cheupe kipya, akamwita Bazilio apande juu.

"Kanyaga, baba! Mbona unakanyaga kama una mimba?"

"Nitavunja vifungo!"

"Vya watoto ni vya kubana, havivunjiki. Kanyaga!"

Likatoka belo dogo, gumu kama tofali, na mikanda ya plastiki kila upande. Akalitazama, akaona bado halijakamilika. Akachukua kalamu ya wino mnene, akaandika ubavuni kwa herufi kubwa, kama yanavyoandikwa mabelo ya mitumba bora: GREDI A.

Basi la alfajiri likamchukua. Kibondo wakamtambua dirishani wanawake wa magulio ya zamani, wakamrushia salamu na ndizi. Kakonko akalala usingizi. Nyakanazi akaamka, akahakikisha belo lipo miguuni. Akashuka Rusumo, akavuka daraja kwa miguu na mzigo kichwani, maji yakinguruma chini yake, moyo mweupe kabisa.

Pale forodhani alikuwepo kijana mpole, amevaa vizuri. Akalizunguka lile belo, akasoma ubavuni.

"Mukecuru," akamwita kwa heshima, kama wanavyomwita bibi kwao, "hiki ni nini?"

"Zawadi ya mjukuu, mwanangu."

"Mjukuu anaitwa Gredi A?"

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Vestina akaacha Kiswahili, akaingia Kirundi cha nyumbani, na kijana akajibu kwa Kinyarwanda, wakaelewana vizuri tu, ila mzigo haukupita. Unga na maharage havikuwa na shida. Belo lilikuwa biashara kwa kila jicho lenye kuona, na ushuru wa mitumba hupimwa kwa kilo. Alipotajiwa, akashika kiuno.

"Huo si ungezinunua hizi nguo upya?"

"Ndiyo maana watu hawazileti, mukecuru. Nguo za msafiri mwenyewe, anazozivaa, hatuzigusi. Lakini hizi wewe huzivai."

Vestina akajitazama alivyojaa, akatazama belo. "Hata nikijaribu," akakubali.

Akarudi nalo ng'ambo ya Tanzania, akampigia Claudine simu, kisha akalikalia belo mbele ya kibanda cha chai kama mtu aliyekalia jiwe. Maharage angeweza kuendelea nayo, lakini maharage kila mtu huleta. Angeingiaje kwa wakwe bila hata kofia moja ya mtoto? Akakumbuka alivyogombana na wateja kwa ajili ya zile nguo, na chai ikamshinda.

Claudine akaja akivuka daraja, mtoto mgongoni ndani ya mbeleko, anacheka tangu mbali.

"Mama! Unakuja kunihemba au unakuja kufungua duka?"

"Nicheke tu. Wenzio wamelikataa."

"Na nani asingelikataa? Mbona umelikaza hivi? Kwa nini hukuweka kwenye begi kama watu?"

"Nilitaka ukate mwenyewe mikanda." Vestina akainamisha uso. "Au basi. Najua huko kwenu siku hizi mnavaa mpya, zinashonwa Kigali. Mtoto umeshamnunulia."

Claudine akaketi kando yake. Akamshusha mtoto mgongoni, akaifungua mbeleko. Irakoze alikuwa na nepi na kipande cha kitenge tu, basi. Hata soksi hakuna.

"Mama mkwe ananisema kila siku kwamba mtoto atapata baridi," akasema. "Namwambia nguo zake ziko njiani, zinatoka Kasulu. Sijanunua hata moja, Mama."

Vestina akavuta kamasi kwa kishindo, akaazima kisu kwa muuza chai, akampa Claudine. Mikanda ikakatika, pa! Nguo zikavimba zikamwagika, na Claudine akapiga kelele ile ile ambayo mamaye alikuwa ameiwazia njia nzima.

Sasa wakaanza kuchagua. Claudine alitaka za kumtosha mtoto kwa miezi michache, zinazoingia kwenye begi lake la mgongoni. Vestina alitaka zote. Wakavutana kwenye kila sweta.

"Hii ataivaa akiwa na miaka miwili."

"Akifika miwili utakuja tena. Au tutakuja sisi Kasulu."

"Utamleta kweli?"

"Nitamleta, Mama. Iache hiyo."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinywa chai akasogea kupapasa zilizobaki, akaja mwingine, akaja na dereva wa lori aliyekumbuka kwamba ana mtoto. Vestina hakuweza kujizuia. Miguu ikasimama yenyewe, koo likafunguka: "Chagua, mama, chagua! Gredi A hii, haijavaliwa ikachoka!" Zikaisha hata chai haijapoa.

Kisha wakavuka pamoja. Irakoze alikuwa mikononi mwa bibi yake, amevalishwa ovaroli la buluu lenye bata kifuani, soksi na kofia. Kijana wa forodha akalifungua lile begi.

"Mukecuru, umerudi. Hizi sasa ni za nani?"

"Za msafiri." Vestina akamwinua mtoto. "Huyu hapa."

"Zote hizi ni za mtoto mmoja?"

"Wewe una mtoto, mwanangu?"

"Bado."

"Ndiyo maana unauliza."

Na Irakoze, kana kwamba alikuwa akisubiri atajwe, akakunja uso, akawa mwekundu, akajisaidia kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni. Nepi ikazidiwa. Ovaroli la buluu likalowa mpaka kwenye bata.

Kijana akarudi nyuma hatua, akafunga begi kwa ncha za vidole. "Sawa, sawa! Nimeona ni zake. Piteni."

"Tunapita wapi na mtoto yuko hivi?" Vestina akauliza. "Claudine, nipe ile ya njano." Akatandika kanga juu ya meza ya forodha, akamlaza mjukuu wake, akaanza kumbadilisha taratibu, huku foleni nzima ya madereva ikingoja.