Gawio la Dada Yangu

Siku ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunionyesha mashine. Alinipeleka nyuma ya kiwanda, pale juu ya kijiji cha Hasamba, akanionyesha shimo. Kahawa mbivu ikishamenywa, alinieleza, inabaki na uteute, ule utelezi ulioshika kwenye punje. Tunaivundika, tunaiosha, na maji yake yanaingia humu yakae mpaka ukali uishe. Yakienda kijitoni yakiwa mabichi, kijito kinaoza. Nilicheka moyoni. Mtu mzima na cheo chake, anafundisha shimo!

Nimemenya kahawa chini ya mameneja watatu, nyie vijana mnaoajiriwa leo na kuitwa wadau. Neno hilo alilileta Meneja wa tatu. Alitugawia wafanyakazi hisa chache chache, akasema sasa kiwanda ni chenu. Tukafurahi kama wajinga. Mimi nikawa kila kitu: mwenye hisa, mfanyakazi na mwanakijiji, maana dada yangu Eliza alikuwa anachota maji kwenye kijito hicho hicho, chini ya kiwanda.

Shimo likaja kupasuka ukuta. Mkutano wa wenye hisa ukafanyika Tunduma, ukumbini, soda kila meza. Meneja akauliza: tuchimbe jingine, au fedha ya kulichimba tugawane iwe gawio? Fundi Mkuu peke yake ndiye aliyesimama kutetea shimo. Akanigeukia mbele za watu.

"Wewe unajua. Sema."

Nilinyoosha mkono kutaka gawio, na wenye hisa wakubwa wakapiga makofi, watu wasiojua hata kijito kiko upande gani! Nikanunua mabati. Mpaka leo mvua ikiyapiga napandwa na hasira, sijui nimkasirikie nani kwanza. Fundi Mkuu akahamishiwa stoo ya Tunduma kulinda magunia matupu. Msimu ule ule kijito kikawa cheusi, kikatoa povu, kikanuka. Eliza, na magoti yake yale mabovu, akaanza kuvuka kilima na ndoo kichwani kutafuta maji. Bado anavuka.

Msije kuniuliza kama kampuni inaweza kuwatosheleza wenye hisa, wafanyakazi na kijiji kwa pamoja. Inaweza, bwana! Miaka yote ya shimo gawio lilitoka, mishahara ilitoka, na watu walikunywa maji. Shimo tuliliacha kwa tamaa, na mkono wangu ulikuwemo.

Nimestaafu, lakini hisa ninazo, hawawezi kunifungia mlango. Mkutano uliopita nilichota maji ya kijito ndoo nzima, nikafunga mfuniko, nikapanda nayo basi mpaka Tunduma. Nikaiweka meza kuu, nikafunua. Mwenyekiti akaziba pua.

"Mzee, ondoa hicho kitu, kinanuka."

"Ni gawio la dada yangu," nikamwambia. "Kaeni nalo kidogo. Yeye anakaa nalo kila siku."