Kimlango cha Betri

Nyumbani kwangu hakitupwi kitu kwa sababu tu bawaba imekatika. Hotipoti yangu ya wali ilivunjika klipu mwaka ule ule nilioinunua. Nilikata kipande cha spoku ya baiskeli, nikakipasha moto jikoni, nikakipitisha kwenye plastiki, na hadi leo inafunga. Kifuniko cha rimoti, mlango wa kabati la vyombo, mkono wa miwani, vyote vimepita mikononi mwangu. Wapangaji wenzangu hapa Ifakara huniletea vyao, na mimi huwagombeza kwanza, kwa sababu plastiki haivunjiki yenyewe. Inavunjwa na watu wanaovuta pale panapotakiwa kubonyezwa. Mdomo wangu huo najua haupendwi, lakini vitu vyao wanaleta.

Kwa hiyo siku baba aliponionyesha kifaa chake cha kusikia kimefungwa kwa plasta, niliona ni kazi ya dakika kumi.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari upande wa Kidatu, miaka mingi, karibu kabisa na mashine, na zile kelele ziliondoka na masikio yake. Alipostaafu aliishi Sanje na mama. Mama alipofariki tulimzika huko huko, nami nikamchukua baba nikae naye. Kwao hasa ni Songea, alikoondoka akiwa kijana kutafuta kazi. Hakuwahi kutuambia kama anawaza kurudi.

Mwaka huo daktari alikuwa ametuita pembeni mimi na kaka yangu, akatuambia kwamba ini la baba limeharibika na kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Baba hakuambiwa. Kaka, anayenunua mpunga Mlimba, alikuwa akinipigia simu karibu kila jioni.

"Umeshamuuliza?"

"Bado."

"Muulize, wewe ndiye uliye naye. Tukimlaza Sanje bila kauli yake, watu wa Songea hawatatuelewa. Tukimpeleka Songea, tunamwacha mama peke yake. Aseme mwenyewe."

Nilikuwa na sababu, na niliing'ang'ania. Kifaa kilikuwa kimeharibika, na bila kifaa baba alisemeshwa kwa kupiga kelele. Uani kwetu tunaishi wapangaji watano. Nikimwambia baba chai tayari, nyumba nzima inajua baba anakunywa chai. Ningewezaje kumpigia mzazi wangu kelele kwamba anakufa, na kwamba achague kaburi? Kuandika nilijaribu. Maneno yale kwenye karatasi yalionekana kama hukumu, nikaichana.

Kile kifaa kina kimlango kidogo cha betri chini yake. Ukikifungua, kifaa kinazima. Ukikifunga mpaka kilie tik, kinawaka. Kipini cha bawaba yake, chembamba kuliko sindano, kilikuwa kimepotea, na kimlango kilikuwa kikianguka na betri yake. Kilichotakiwa ni kupata waya mwembamba, kuukata na kuupitisha taratibu. Spoku ilikuwa nene. Sindano niliyokuwa nayo iligoma kukatika. Nami sina subira, nikachukua gundi, ile ya kichupa kidogo inayoshika papo hapo, nikadondosha tone moja penye bawaba.

Baba alikivaa. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, unanisikia?"

"Nakusikia," akasema, akacheka. "Kumbe una sauti ya mama yako."

Nililia kwa furaha, sitaficha. Asubuhi ile alisikiliza kila kitu: kuku, redio, watoto wa jirani wakihesabiana. Alipotaka kupumzika mchana alijaribu kukizima, kimlango hakikufunguka. Nikajaribu mimi. Gundi ilikuwa imetambaa ukingo wote. Nilimpelekea fundi simu wa stendi, akakitazama chini ya taa yake, akanirudishia.

"Dada, hii ukiibandua inapasuka yote. Uliimwagia gundi ya nini?"

Kwa mara ya kwanza niligombezwa mimi, tena kwa haki. Kifaa kingebaki kimewaka usiku na mchana hadi betri iishe. Siku tano, labda sita. Kingine kilitakiwa kufuatwa Dar, na foleni yake ni ya miezi.

Siku tano zilikuwa zinatosha kwa swali moja. Kila asubuhi nilikaa naye tukichambua mchele, na kila asubuhi yeye ndiye aliyeongea. Alikuwa na hamu ya mazungumzo kama mtu aliyetoka safarini. Alinisimulia jinsi alivyomwona mama yangu mara ya kwanza sokoni, anauza ndizi, na jinsi alivyonunua ndizi ambazo hakuwa na mahali pa kuzipikia. Nilisema moyoni, acha amalize hii. Akamaliza, nikasema kesho. Nilikuwa mwoga. Siku ya nne kaka alinifokea kwenye simu, nikamwambia kesho asubuhi, bila kukosa.

Kesho yake nilipika chai mapema, nikamkuta amekaa kitandani, kifaa kiko sikioni.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alikuwa akikigonga gonga kwa kidole, akanitazama, akatikisa kichwa.

Nikakaa pembeni yake. Na hapo, baada ya siku zote zile, maneno yakatoka. Nikamwambia polepole, kwa sauti ya chini, aliyoyasema daktari. Nikamwambia tunampenda. Nikamuuliza alazwe wapi, Sanje kwa mama au Songea kwao. Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Naye alinitazama mdomo muda wote, akiitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia kila mtu asiyemsikia.

Nilipomaliza akanishika mkono.

"Basi, mama, usilie," akasema. "Ni kidude tu. Hukukusudia."

Hali yake ilibadilika wiki ile ile, na baada ya hapo hakuwa mtu wa kuulizwa. Tulimzika Sanje. Shangazi yetu alisafiri kutoka Songea, akafika mchanga ukiwa bado mbichi. Akanivuta kando mbele ya ndugu, akanikazia macho.

"Mwanangu, kaka yangu mwenyewe ndiye aliyesema alazwe hapa?"

"Ndiyo, shangazi," nikamjibu. "Nilimuuliza, akaniambia."

Akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwamba kaka yake alisikilizwa.