Mgongo wa Mama kwenye Karatasi

Kila nikishika makala, yaani makaa ya kuwasha moto, na vidole vikawa vyeusi, harufu yake hunirudisha kwenye kiwanja chetu, upande wa Kabambare, siku alipopita Mholanzi aliyechora watu. Nilikuwa na miaka saba. Alinunua vitunga na viti vya zamani, na watu aliowakuta aliwachora kwa kijiti cha makala.

Alianza na mjomba Paskali, kaka ya mama. Mjomba alikaa wima, pua yake kubwa mbele, macho yamemtoka, mpaka tukacheka. Ndipo mama akafika kutoka shambani, kitunga cha mihogo mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Mholanzi akachukua karatasi mpya.

"Hapana, papa! Si hivi!" mama alimwambia mgeni. "Ngoja nivae."

Akampita, akaingia nyumbani. Alioga, akavaa kitenge cha kanisa. Alipotoka akinukia sabuni, mvua ilikuwa karibu, mwenye pikipiki aliyemleta mgeni anapiga honi, na Mholanzi alikuwa amekwisha kumchora akiingia ndani: mgongo, kitunga, visigino vyenye udongo.

Alikitaka kitunga kile pia. Mama akampa, naye Mholanzi akaniambia nichague picha moja ibaki kwetu, nyingine aende nayo.

"Hii haiko mama," nilisema, nikionyesha ile ya mgongo. "Haina uso." Nikachukua ya mjomba.

"Mutoto anajua muzuri!" mjomba akashangilia.

"Anajua nini? Amechagua pua!" mama akajibu, watu wakacheka.

Pikipiki ilipoondoka, mama alikaa kidogo kwenye kiti alichochorewa mjomba, amependeza vile, kisha akarudi ndani kukunja kitenge chake.

Mama alikufa kabla sijamaliza shule ya msingi. Hakuwahi kupigwa picha. Uso wake unanipotea kidogo kidogo. Lakini mgongo ule ningeutambua popote: nililala juu yake, na nilipokua niliufuata kila asubuhi kwenye njia ya shamba. Siku ile niliona Mholanzi amemnyima mama uso. Sikujua kwamba alikuwa amechora upande wangu.

Picha ya mjomba ingali ukutani, imepigwa na moshi. Juzi mjomba mwenyewe alikuwa anakula bugari, ugali wetu, chini yake, akainua macho, akaacha kutafuna.

"Mimi niko hapa kila siku," alisema. "Ungechukua ile ingine."

Alisema polepole, kama anayeomba msamaha kwa kuwa hai.