Hamani Alipotajwa, Nikampiga Dubu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakutajia mapema usije ukahangaika kumtafuta.

Nilimpiga dubu ndani ya nyumba ya ibada, asubuhi kweupe, watu wote wamenyamaza wanasikiliza maandiko.

Dubu akanirudishia.

Ngoja nikupangie.

Naitwa Kalev Rozner. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Buffalo, mji ambao theluji inakaa mpaka mwezi wa tatu kama mgeni asiyeelewa kwamba chakula kimeisha. Nilikuwa kwenye timu ya mieleka ya chuo. Shingo nene, masikio yamekunjamana kama kabichi, pua imeshavunjwa mara mbili. Mtaa niliokulia mimi, ukiangaliwa vibaya unajibu kwa ngumi, maswali baadaye.

Kilichonipeleka darasani kwa Rabi Shulamit ni msichana. Sikudanganyi.

Anaitwa Tirza. Golikipa wa timu ya wanawake ya magongo ya barafuni. Mrefu, mabega kama mlango, akicheka chumba kizima kinageuka. Kila Jumanne jioni alikuwa nyumbani kwa rabi na wenzake, wanakula supu ya kuku na kusoma jinsi Myahudi anavyotakiwa kuishi na mwenzi wake, na jirani yake, na rafiki yake, na hata yule asiyemtaka machoni.

Na mimi nikawa msomi ghafla. Supu nayo ilikuwa tamu.

Rabi Shulamit ni mama mfupi, sauti ya chini, macho ya mtu anayekagua tiketi. Utaratibu wake ni ule wetu Wayahudi wa tangu enzi: mnasoma wawili wawili, ukurasa mmoja, mnabishana. Mnapiga meza. Kazi ya mwenzako ni kuivunjavunja hoja yako mpaka ibaki ile isiyovunjika. Mkimaliza mnamiminiana chai.

Mimi nikapangwa na Nuriel.

Nuriel Hakimi. Kijana mwembamba, miwani minene, mdomo kama wembe. Ukimpuliza anaanguka. Ila ukibishana naye, unaanguka wewe.

Jumanne moja nikajitutumua. Nikashusha hoja ndefu, mikono hewani, Tirza ananiangalia. Nilipomaliza, Nuriel akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Kalev, ndugu yangu, hoja yako ina misuli mizuri sana," akasema. "Mifupa umeisahau nyumbani?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Tirza.

Nuriel akanisogezea sahani ya biskuti. "Haya, jenga tena. Nakusikiliza."

Mtu mwenye akili angejenga tena. Nimezaliwa kwenye mila hiyo hiyo. Babu yangu alikuwa ananibeba kwenda kuwasikia wazee wakifokeana juu ya mstari mmoja, mishipa imewatoka shingoni, halafu wanasaidiana kuvaa makoti. Nilijua kabisa mchezo ulivyo.

Lakini siku ile nikasikia tusi.

Wiki hiyo hiyo nikamwomba Tirza aje kwa mama yangu kula Pasaka. Kwetu swali hilo si la kitoto. Ukimketisha msichana kwenye meza ile, shangazi zako wanaanza kuchagua majina ya watoto kabla supu haijapoa.

"Nipe muda," akasema. "Nitakujibu sikukuu ya Purimu."

Siku mbili baadaye nikapita nje ya mgahawa. Ndani, dirishani, nani? Tirza na Nuriel. Vichwa vimekaribiana. Msichana anacheka.

Damu ikanipanda mpaka kwenye yale masikio ya kabichi.

Sasa elewa jambo moja. Rabi Shulamit alitufundisha mengi muhula ule. Alitufundisha kwamba anayemwaibisha mwenzake mbele za watu ni kama amemwaga damu. Hapo nikamkodolea Nuriel macho. Alitufundisha pia kwamba ukinyanyua mkono kumpiga mtu, unaitwa mwovu hapo hapo, hata kama ngumi haijafika. Hapo nilikuwa nachovya mkate.

Jumanne ya mwisho kabla ya Purimu akasema hivi:

"Purimu watu wanavaa vinyago, wanakunywa, wanarukaruka. Wazee wetu wakajiuliza: mtu akimuumiza mwenzake katika furaha ya Purimu, je, adaiwe fidia? Wapo waliosema asidaiwe."

Nikaweka kijiko chini.

"Asidaiwe kabisa, Rabi?"

"Wapo waliosema hivyo. Wapo waliopinga. Tutaendelea wiki ijayo."

Ya wiki ijayo nilikuwa siyahitaji. Nilishapata yangu.

Nuriel alikuwa ameshamtangazia kila mtu kwamba Purimu atakuja kama dubu.

Asubuhi ya sikukuu nilifika nimevaa kifalme: pazia jekundu la bafuni, taji la karatasi, kinyago cha dhahabu. Tumboni, glasi tatu za pombe kali ya plamu. Ukumbi umejaa maharamia, simba, na malkia Esta watatu, mmoja ana ndevu.

Dubu akaingia, akaja moja kwa moja kusimama kando yangu, pale pale anaposimama Nuriel siku zote.

Dubu alikuwa mrefu kumzidi Nuriel kwa kichwa kizima. Nililiona hilo. Nikajiambia: ni yale masikio ya dubu.

Nimeshakwambia mjinga nani.

Kisa cha Esta kinasomwa kutoka kwenye gombo, na kila neno lazima ulisikie. Kwa hiyo ni kimya cha kuogopesha. Ila likitajwa jina la Hamani, yule aliyetaka kutufuta sote, ukumbi unalipuka: manyanga ya mbao, miguu sakafuni, sufuria, miluzi, jina lake lizikwe. Halafu kimya tena, msomaji anaendelea.

Hamani wa kwanza akatajwa. Ukumbi ukalipuka.

Kiwiko changu kikazama ubavuni mwa dubu.

Kimya.

Dubu akanigeukia polepole. Mimi naangalia mbele kama malaika.

Hamani wa pili. Dubu akanikanyaga vidole kwa kisigino mpaka nikaona nyota. Nikapiga yowe. Bahati nzuri kila mtu alikuwa anapiga yowe.

Kimya.

Sijawahi kusikiliza maandiko kwa makini vile maishani mwangu. Wote wawili tumeinamia vitabu, tunafuata mstari kwa kidole, tunamtafuta Hamani anayekuja.

Akaja. Nikampa goti la paja.

Akaja mwingine. Dubu akanizamishia ngumi ya tumbo, ile plamu ikapanda mpaka puani.

"Nyie wawili!" Esta mwenye ndevu akanong'ona nyuma yetu. "Tulieni, tunakosa maneno!"

"Samahani, malkia," nikamjibu, machozi yananitoka.

Mjinga mimi nikashangaa kidogo: Nuriel huyu mwembamba ngumi hizi kazitoa wapi? Nikajijibu: chuki. Ananichukia kama ninavyomchukia. Hapo ndipo utani, kama ulikuwepo, ukaniishia moyoni. Hamani aliyefuata nilimpiga dubu kwa nia ya kumvunja.

Majina ya wana kumi wa Hamani yakasomwa kwa pumzi moja, kama desturi. Sisi wakati huo tumeshikana nguo.

"Nje," nikanong'ona kusoma kulipokwisha.

Dubu akaitikia kwa kichwa.

Ua wa nyuma ulikuwa na theluji ya kufika kwenye mashavu ya miguu. Sikungoja. Nikamwingia miguuni kama kwenye mieleka, nikamnyanyua, nikambwaga chali. Akageuka kama samaki, akanitoka mikononi, akasimama. Nikarudi. Akanisubiri, katulia kabisa, halafu akanipiga moja tu, ya uso.

Kinyago kikapasuka. Pua ikavunjika mara ya tatu. Nilisikia ule mlio ndani ya kichwa, kama mtu anakanyaga kikombe. Damu ikachirizika kwenye pazia la kifalme, ikadondoka kwenye theluji.

Nikawa kichaa.

Nikamrukia, tukaanguka pamoja, nikamkalia juu. Nikampiga ya mdomo wa dubu. Nyingine. Nyingine. Kichwa cha dubu kilikuwa na kitu kigumu ndani, ngozi ya vidole ikachanika, sikujali. Nikahamia ubavuni.

"Mifupa iko wapi?" nikawa napiga kelele. "Eh? Mifupa iko wapi sasa, Nuriel?"

Kitu kikalia *ta* chini ya ngumi yangu.

Dubu akaacha kupigana. Akalala tu pale, mikono imetawanyika.

"Kalev," sauti ikatoka mlangoni. "Unafanya nini?"

Nikageuka.

Nuriel alikuwa amesimama pale na sahani ya vikeki vya pembe tatu. Amevaa jezi ya golikipa, kubwa, inamfika magotini.

Jezi ya Tirza.

Nikamtazama Nuriel. Nikamtazama dubu. Nikashuka kutoka juu yake.

Dubu akavua kichwa.

Tirza. Mdomo umepasuka, meno mekundu, nywele zimemganda usoni. Anavuta pumzi nusunusu, kama mtu anayeogopa pumzi yenyewe.

"Kile kiwiko nilidhani unanitania," akasema. "Goti nikadhani umelewa. Nikanyamaza nione unafika wapi."

"Tirza, sikujua, haki ya Mungu sikujua ni..."

"Nilikuwa nimekuja kukujibu ndiyo."

Akatema damu kwenye theluji.

"Nilibadilishana nguo na Nuriel nisimame karibu yako. Kusoma kukiisha nivue kichwa, ushtuke. Haya. Shtuka."

Nuriel alishapiga magoti kando yake, vikeki vimemwagika kila mahali. Hata hakuniangalia.

"Pale mgahawani," akasema, "aliniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Nikamwambia unang'ata, lakini unafundishika."

Ningefurahi kama angenipiga.

Tukapelekwa hospitali, magari mawili tofauti. Yeye ubavu umepasuka, midomo imeshonwa. Fainali ya timu yake akaiangalia kutoka benchi, mkono umeshika ubavu kila mtu akipiga makofi. Wakafungwa. Golikipa wa akiba aliruhusu magoli ambayo Tirza angeyadaka huku anapiga miayo.

Kwa mama yangu, Pasaka ile, kiti kimoja kilikaa kitupu. Shangazi wakauliza. Mama akawaambia kuleni.

Somo nitakupa sasa hivi, kwa sababu mwisho wa kisa hiki si wangu.

Ukisoma kitabu kizima unatafuta mahali pamoja tu panapokuruhusu kuumiza, utapapata. Kitabu hakina kosa. Mimi nilikaa muhula mzima kwenye meza ya kufundishwa kuishi na watu, nikaondoka na mstari mmoja, nao nikaubeba kama rungu. Na mtu anayekuvunjia hoja mbele yako, kisha akakusogezea biskuti, anakutakia mema kuliko anayekuchekea kila siku. Nuriel bado tunasoma wote. Bado ananivunja. Siku hizi najenga tena.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Siku iliyofuata Purimu nilikuwa bado nina kichwa kigumu.

Rabi Shulamit alituita sebuleni kwake alasiri, sote watatu. Hakuna supu. Mimi nina plasta puani kama barabara, Tirza kakaa wima sana, mbavu zimefungwa.

"Tirza hajaamua kama anakwenda polisi," rabi akasema. "Ameomba kwanza tukae hapa. Kalev, una neno?"

Nilipaswa kusema samahani. Neno lilikuwa mdomoni, nakuapia. Ila nikamwona Nuriel kamkalia karibu, anamshikia kikombe cha chai, na lile jitu la mtaani kwetu likaamka.

"Ilikuwa ajali," nikasema. "Sikumkusudia yeye."

"Ulimkusudia nani?" Tirza akauliza.

Macho yangu yakaenda kwa Nuriel.

"Kwa hiyo ningekuwa Nuriel, ubavu ungekuwa wa halali?"

"Sijasema hivyo! Nasema ilikuwa Purimu. Wote tumevaa vinyago, tumekunywa. Na wewe umenivunja pua, mimi sikudai kitu. Rabi, si wewe mwenyewe ulitufundisha? Aliyemuumiza mwenzake katika furaha ya Purimu hadaiwi. Hapa hapa, kwenye meza hii. Au sheria ni ya wengine, ikifika kwangu inakunjwa?"

Rabi Shulamit akajiegemeza kitini. Akamtazama Nuriel. Nuriel akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikajiona nimeshinda. Hoja yangu, safari hii, ilikuwa na mifupa.

Tirza akaweka kikombe mezani polepole, mkono mmoja ubavuni.

"Katika furaha," akasema. "Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Basi tuambie, Kalev. Ulipokuwa unanivunja ubavu, ulikuwa na furaha?"