Siku Niliyokutana na Mama Mkwe Ndani ya Basi

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, kana kwamba baridi yake bado imo mifupani. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa karani kijana wa kampuni ya miwati, ile miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi, nikiishi Makambako na mke wangu Tabita katika chumba kimoja cha kambi. Tabita alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na homa ilikuwa imemkamata, haishuki. Nikaenda Njombe kumtafutia dawa. Nilipoipata nikakimbilia basi la kurudi.

Basi lilikuwa limejaa. Kiti kimoja tu kilibaki, kando ya mama mmoja aliyejitanda shuka, amekumbatia kuku. Nikasogea. Yule mama akainua uso, nami nikaganda. Alikuwa mama mkwe wangu! Habari za binti yake zilikuwa zimemfikia kijijini, naye akafunga safari, ingawa hakuwahi kupanda basi maishani mwake.

Sasa unielewe, mwanangu. Kwetu Wabena siku zile mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hamsemeshi, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hayo. Tulikua nayo tu. Lakini ndani ya basi je? Humo hamna kichaka.

"Bwana karani, nafasi hiyo hapo!" kondakta akapaza sauti. Alikuwa mgeni, mtu wa pwani. "Kaa tuondoke."

"Nitasimama," nikasema.

"Hairuhusiwi. Kaa, au shuka."

Nikikaa, namvunjia heshima mama aliyenipa mke, tena mbele ya watu wa kwao. Nikishuka, dawa haifiki. Nikatazama kiti, nikatazama mlango, nikarudi kutazama kiti. Wageni wakacheka. Wabena wenzangu wakainamisha vichwa, labda nao hawakujua la kufanya. Baadaye sana ndipo iliponijia kwamba ningeweza tu kumwomba mtu tubadilishane viti. Wakati ule akili ilikuwa imefungwa kabisa. Nikaiweka dawa ndani ya shati, nikapanda juu kwenye keria pamoja na magunia. Kondakta akatikisa kichwa, akaniacha. Mvua ikaninyeshea hadi Makambako.

Tulipofika, mama akashuka, akasimama kando ya barabara. "Kamwene," akawasalimu wapita njia, kisha akawauliza kwa Kibena nyumba ya Tabita iko wapi. Makambako ilikuwa njia panda ya watu wa kila kabila, na wengi hawakumwelewa. Nami nimesimama pale pale, jibu ninalo, ila sijui nilitoeje. Nikakohoa. Nikaanza kutembea polepole, nikakohoa tena. Akaelewa, akanifuata kwa mbali.

Njia ya kambini ilikatiza kijito. Mvua ilikuwa imekijaza, na daraja lilikuwa gogo moja, limelowa na kuteleza. Nikavuka. Yeye akabaki ng'ambo, akiogopa. Nikampa mgongo kama adabu ilivyotaka, nikasimama hivyo, maji yakivuma nyuma yangu. Nimngoje? Nimwite? Nikimbie kutafuta mwanamke wa kumvusha, na huku dawa iko kifuani pangu?

Ndipo nikasikia sauti yake. Hakusema na mimi. Alisema na kuku.

"Wewe kuku, hebu muulize huyo aliyesimama pale: heshima hii tunamfanyia nani, na mwanangu anaungua homa?"

Maneno yale yalinichoma. Nikarudi juu ya gogo, uso nimeugeuzia pembeni, nikavua koti langu na kumnyooshea mkono wa koti. Akaushika, akavuka. Sikumgusa, wala sikumwacha.

Nyumbani nilimkabidhi jirani ile dawa aipeleke ndani, mimi nikabaki nje. Mama alimuuguza binti yake katika chumba kile kimoja, nami nikalala kwa jirani mpaka homa ilipokwisha. Asubuhi ile niliposikia Tabita anacheka na mama yake, nilikaa chini nikalia.

Nilipokwenda kumsalimu baba yangu, nikamsimulia yote na kumuuliza kama nilivunja mwiko.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi sijawahi kupanda basi."

Basi nisikilize kabla hujaondoka. Dunia itakuingiza mahali ambapo kila mtu anajua akae wapi, amsalimie nani kwanza, anyamaze lini, isipokuwa wewe. Usijidharau. Hata wazee wako walifika mahali wakakosa jibu. Uliza, na umwombe aliye karibu akusaidie. Kuuliza hakumpunguzii mtu utu wake. Ukikosa wa kumuuliza, tazama ni nani anayeumia, uanze na huyo, kwa kuwa adabu zote, za kwetu na za wageni, ziliwekwa ili watu wasiumizane. Na ukimwona mwenzako amesimama hajui la kufanya, usimcheke, wala usijifanye humwoni. Mwelekeze kwa upole.

Mungu akutangulie kila uendako, mwanangu. Akupe majirani wema, na wakwe watakaokupenda hata siku utakayokosea. Nenda kwa amani.