Mkono wa Breki

Shangazi yetu alipiga pasi shuka za hoteli kwa miaka ishirini na mitatu. Haikuwa pasi ya mkononi. Ilikuwa mashine ndefu kama kitanda, unaingiza shuka mbichi upande huu, inatokea upande wa pili imenyooka kama karatasi. Siku nzima alikuwa amesimama kwenye mvuke. Akirudi nyumbani alikaa kwanza kwenye ngazi ya mlango, akivitazama vidole vyake kama vitu alivyoazimwa, ndipo akaingia kutupikia.

Alitulea watoto watatu wa kaka yake: kaka yangu mkubwa, dada wa katikati, na mimi, binti kitindamimba. Baba alipofariki na mama akaenda zake, ndugu walikaa kikao kuulizana nani amchukue nani. Shangazi akainuka. "Mnawagawa kama masufuria?" akasema. "Nawachukua wote." Yeye mwenyewe hakuwa na mume wala mtoto.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na gunia la uzi wa kufumia. Alijifunza kufuma akiwa msichana, na kila alipoona uzi wa rangi nzuri alinunua bonge moja au mawili, akimtaja mwenyewe kabisa. Bluu ni la kaka. Zambarau ni la dada. Kufuma kwenyewe alisema, "Nikipata nafasi." Kaka aliahidiwa sweta akiwa darasa la tatu. Akamaliza shule, akaota ndevu, akaoa, na uzi wake bado ulikuwa bonge.

"Shangazi, sweta langu limefika wapi?" alikuwa akimtania.

"Limefika shingoni."

"Shingoni kwa nani?"

"Kwangu. Linaninyonga."

Mwaka aliotimiza hamsini na minne miguu yake ilianza kuvimba. Alisema ni kusimama. Ukavimba na uso, akasema ni usingizi. Siku alipoanguka mbele ya mashine ya shuka, wenzake walimbeba mzobemzobe mpaka hospitali.

"Figo zako zimechoka, mama," daktari alimwambia.

"Basi zipumzike."

"Zimeshapumzika. Hazitaamka."

Hoteli ilimpa barua ya shukrani na shuka mbili. Akaigeuza moja, akapitisha kidole kwenye pindo. "Hii niliipiga mimi," alisema. "Naujua mkunjo wangu." Akaziweka kabatini na hatukuwahi kuziona kitandani.

Tangu hapo akawa mtu wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku hizo alikaa saa nne kwenye kiti cha hospitali, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja kwenda kwenye mashine, inasafishwa, inarudi kwa mrija mwingine. Siku zilizobaki alilala kama aliyepigwa. Ijumaa nilimpeleka mimi, maana ofisini kwetu waliniruhusu kutoka mapema. Siku nyingine alikwenda na dada. Ndugu tulisubiri kwenye benchi la korido, tukichungulia kwa kioo cha mlango.

Ijumaa ya kwanza niliyompeleka alikuwa na mfuko mapajani. Ndani mlikuwa na sindano mbili za kufumia na uzi wa bluu.

"Nafasi ndiyo hii nimeipata," alisema.

Nilianza kucheka. Yeye hakucheka.

Hakujua kuwa mkono wa kushoto, ule uliochomwa sindano za mirija, hautakiwi kukunjwa. Alifuma mstari mmoja tu, mashine ikapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, na mkono ukavimba, ukaiva kama biringani. Nesi mkuu akamwinamia. "Mama, ukiwa humu, mkono huu si wako. Ni wa mashine."

Jumatatu iliyofuata akabana sindano moja kwapani na kuhangaika na nyingine kwa mkono wa kulia. Kiti cha kulia kwake alikaa mzee mmoja mrefu, aliyekuwa dereva wa malori. Watu wa barabarani walimwita Breki, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hakuwahi kuwa nazo. Alimtazama shangazi kwa muda, kisha akauliza, "Dada, unamkaba nani huko kwapani?"

"Nafuma sweta."

"Kwa mkono mmoja?"

"Wa pili nimeukodisha."

Breki akatazama mkono wake wa kulia, uliolazwa kwenye mto na mirija yake. "Na mimi nimeukodisha wa kulia. Wa kushoto ndio huu, hauna kazi tangu asubuhi."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Nesi alivisogeza viti karibu, kwa sharti kwamba mikono ya mashine isitikisike. Breki alishika sindano ya kushoto na kusukuma vitanzi mbele kimoja kimoja kwa dole gumba. Shangazi alivichota kwa mkono wake wa kulia.

"Usiibane hivyo. Si usukani huo."

"Niishikeje sasa?"

"Kama umeshika kifaranga."

Siku ya kwanza walifuma mistari sita na kudondosha vitanzi tisa, ikabidi wafumue yote. "Lori langu halijawahi kurudi nyuma namna hii," Breki alilalamika. Lakini Jumatano alifika mapema, amekata kucha.

Sweta la bluu lilichukua miezi miwili na nusu. Uzi haukutosha, kwa kuwa ulinunuliwa kwa mtoto wa darasa la tatu, wakamalizia kwa kijivu kuanzia kifuani kwenda chini. Kaka alilipokea, akalivaa, akasema linakaa vizuri, kisha akaingia chooni na hakutoka mpaka mke wake akaenda kugonga mlango.

Baada ya hapo wakafuma skafu ya nesi mkuu na kofia yangu. Walifuma pole pole, maana siku nyingine presha ya mmoja ilishuka, sindano ikamtoka mkononi, na mwenzake akabaki ameishika yake hewani, akisubiri. Chumba kile kilikuwa cha baridi, na damu ikipita nje ya mwili inarudi imepoa. Nimewaona kwa kioo wamejifunika blanketi hadi kidevuni, imebaki mikono miwili tu nje.

Ijumaa moja Breki alisema, "Mna foleni ndefu kwenu. Mimi naweza kupata nafasi?"

"Unataka sweta?"

"Si mimi. Binti yangu."

Ndipo alipomweleza. Binti yake aliuza viatu kwenye soko la upande wa pili wa mji, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na mmoja. Mama yake aliugua miezi minne. Breki alikuwa akija, anashusha mzigo, analala, anaondoka. Habari ya kifo ilimkuta njiani na lori limejaa saruji. Angeweza kugeuza. Akafikiri, marehemu hatasimama, na mzigo una mwenyewe. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshakauka juu.

Shangazi hakumwambia kwamba si kitu. "Ulikosea," alisema.

"Najua."

"Anapenda rangi gani?"

"Kijani cha majani makavu. Zamani."

"Ukubwa?"

Breki akainua mkono wake wa kushoto hadi begani pake. "Ananifika hapa."

Walianza Jumatatu. Dada alisema hawakuwahi kufuma kimya kama walivyofuma sweta lile. Mzee akawa ndiye mkali sasa. Kitanzi kikilegea alitaka kifumuliwe. Wakamaliza mgongo, wakamaliza kifua na mkono wa kwanza.

Wagonjwa wa chumba kile waliuogopa mwisho wa juma, kwa sababu kutoka Ijumaa hadi Jumatatu damu inakaa siku mbili nzima na uchafu wake. Jumatatu moja shangazi aliingia, akachomwa sindano, akatoa uzi wa kijani, na kwenye kiti cha Breki akaja kukaa mwalimu mmoja kijana, anatetemeka.

"Hicho ni kiti cha mtu," shangazi alimwambia.

Nesi mkuu alikuwa akibonyeza vitufe vya mashine. Aliendelea kuvibonyeza. "Amepumzika, mama. Jumamosi."

Shangazi alikaa saa nne na sindano moja mkononi. Mwalimu, masikini, alitaka kusaidia, lakini yeye naye mkono wake wa bure ulikuwa wa kulia, upande wa mbali.

Mkono wa pili wa sweta aliufuma nyumbani, siku zake za kulala. Nilijitolea kumshikia sindano. "Hapa nina mikono miwili," alisema, na kweli aliifanyisha kazi yote miwili, japo alikuwa akisinzia katikati ya mstari, anaamka, anahesabu upya. Ilimchukua wiki tatu.

Tulikwenda naye sokoni Alhamisi. Binti alikuwa mwanamke mnene wa miaka thelathini hivi, amekaa kwenye kigoda katikati ya viatu vya mitumba, anapiga kimoja rangi. Shangazi alijitambulisha. Binti hakuacha kupiga rangi.

"Nimeshamzika," alisema. "Hospitali walinipigia simu. Nilikwenda kwa ajili ya macho ya watu."

"Pole, mwanangu."

"Sikulia."

"Sikukuuliza."

Akatoa sweta mfukoni, akalikunjua. Binti alilitazama, akalipima kifuani pake. Halikufika hata nusu.

"Hili la mtoto."

"Alikupima kwa mkono. Hapa begani."

"Hapo nilikuwa na miaka kumi na sita." Akalishusha. "Hata ukubwa wangu hakuujua."

Mteja akaja, akauliza bei ya kiatu, akajibiwa, akaenda. Binti alikuwa bado amelishika.

"Alifuma wapi hapa?"

"Mwili wote, na mkono huu. Alishika sindano ya kushoto, mimi ya kulia. Mkono huu mwingine ni wangu peke yangu."

Binti aliupapasa mkono ule wa kwanza kutoka begani hadi kwenye kifundo. Akalikunja sweta vibaya vibaya, akalisukuma ndani ya sanduku la viatu, akaweka sanduku nyuma yake. "Haya. Nimelipokea. Nendeni, biashara yangu inaharibika."

Njiani nilikasirika kwa niaba ya shangazi. "Hata ahsante hakusema."

"Angesema ningemwona mnafiki," alinijibu. Tulisimama mara nne kabla ya kufika kituo cha basi. Alikuwa na malapa miguuni, kwa kuwa hakuna kiatu kilichomwingia tena, na vidole vilikuwa vimejaa vumbi la soko.

Wiki mbili baadaye, nikiwa kwenye benchi la korido, nilimwona binti yule anakuja na mfuko wa karatasi. Hakutaka kuingia. Alichungulia kwa kioo, akakitazama kiti cha kulia, alipokaa mwalimu.

"Alikuwa anakaa pale?"

"Ndiyo."

Alikaa nami kama dakika kumi. Akanipa mfuko. "Mpe yule mama. Niliiona miguu yake."

Vilikuwa viatu vya kiume, vya ngozi laini, vipana mbele, alivyovichana pembeni na kuvishona upya kwa mpira ili vitanuke. Shangazi aliingiza miguu bila kuisukuma. Alivivaa kila siku ya hospitali, na akavisifia kwa kila mtu.

Alivivaa wiki saba. Sweta la zambarau la dada alikuwa ameanza shingo tu, akifuma kwa sindano ya kwapani, mistari miwili mitatu kwa siku. Presha ikawa inashuka kila mara, wakawa wanamchomoa kabla ya muda. Alfajiri ya Jumatano dada alikwenda kumwamsha waondoke, na hakuamka.

Tulimzika Alhamisi. Ijumaa asubuhi simu yangu iliita, ilikuwa ya kutoka hospitali. Sauti ya msichana nisiyemjua iliuliza mbona mgonjwa wetu hajafika tangu juzi, kiti kinamsubiri. Nikamwambia. Akasema pole sana, kisha akaniomba nisubiri kidogo. Nikamsikia anageuza karatasi, anamuuliza mwenzake jambo. Akarudi.

"Basi, dada," alisema, "saa zake tutampa mwingine."